Mashimo Kumi na Mawili

Jumatatu, 3 Februari

Nimeamka saa kumi na moja. Chai ya rangi. Nimekagua mlango wa nyuma, dirisha la jikoni, ghala la mbegu. Begi lipo nyuma ya mlango, zipu imefungwa hadi mwisho. Hati ya shamba, koti zito, blanketi, tochi, dawa za presha. Kila kitu kipo.

Karimi hayupo. Wiki ya tatu. Yuko Kinoru, mjini, kwa binti yetu, Kendi. Ndoa ya miaka arobaini na sita, na ameondoka kwa sababu ya koti. Alilitoa kwenye begi ili alifue, nami nikamshika mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Alama ilibaki. Naliandika jambo hili hapa kwa kuwa sina pengine pa kuliandika.

Ametoa sharti. Tuonane na mshauri mjini, Alhamisi nne. Nikikataa, harudi. Anasema ameishi miaka kumi na saba na mtu anayeondoka kila siku. Sijaondoka popote. Niko hapa Kibirichia, mwalimu mstaafu, nachambua mbegu za viazi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda. Chumba kidogo nyuma ya zahanati, viti vitatu, sanduku la karatasi za kufutia machozi. Sanduku lile limeniudhi.

Mshauri ni mwanamke wa miaka kama thelathini. Mara tu alipofungua kinywa niliitambua lafudhi. Jina lake la pili likamaliza mashaka. Ametoka kule kule tulikofukuzwa miaka kumi na saba iliyopita, kabila la waliotuchomea nyumba. Nani alimchagua? Kendi anasema ndiye aliyekuwa na nafasi. Huenda.

Mimi nilisema sentensi tatu. Karimi alisema nyingi. Yule mwanamke alikuwa akiandika. Simwamini mtu anayeniandika. Mwaka ule pia walipita watu wenye madaftari, nyumba kwa nyumba, wakiuliza majina kwa upole. Moto ulikuja baadaye.

Jumanne, 11 Februari

Jana nilishinda sokoni. Leo alfajiri nimekuta mashimo sita ndani ya shamba langu, kando ya mpaka wa chini, upande wa jirani yangu Mutuma. Yamekaa kwa mstari. Nimeyapima: futi mbili kwa futi mbili, hatua saba toka shimo hadi shimo. Kazi ya mtu asiye na haraka.

Ni nguzo za ua. Mutuma amejua niko peke yangu, anasogeza mpaka. Ni jirani wa miaka kumi na saba. Kule tulikuwa na jirani wa miaka ishirini, tulibatizisha watoto siku moja, na moto ulikuja vilevile.

Nimeyafukia yote kabla jua halijapanda. Mgongo unauma. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 13 Februari

Leo mshauri aliweka kalamu chini akaniuliza, "Mzee, ukilala, viatu unaviweka wapi?"

Hilo hakuna mtu anayelijua. Naviweka kando ya kitanda, kamba zimelegezwa, ncha zikitazama mlango. Nilimtazama Karimi. Alikuwa anatazama mikono yake. Basi ndiye aliyesema. Mambo ya chumbani kwangu yamefika kwa watu wale. Nilisimama nikatoka. Karimi hakunifuata.

Nimerudi nyumbani na kukuta mashimo sita yamefukuliwa, na mengine sita yameongezwa. Kumi na mawili. Ndani yake kuna samadi. Samadi ya nini kwenye nguzo? Ni ya kunipumbaza.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekaa ghalani asubuhi nzima, mlango nimeuacha wazi kiasi cha kiganja. Saa nne Mutuma alikuja mpakani, simu sikioni. Upepo ulikuwa upande wangu. Nimesikia wazi: "Ndiyo, Mama Mwenda. Hapana, hajaniuliza."

Mama Mwenda ni Karimi. Mwenda ni kifungua mimba wetu.

Kwa hiyo ni wao wawili. Mke wangu na jirani yangu. Yeye yuko mjini ananipeleka kwa mshauri ili nionekane nimechanganyikiwa, huyu huku anachimba. Nikishaandikwa kuwa sina akili timamu, hati itakuwa ya nani?

Nimeitoa hati kwenye begi. Nimeifunga tumboni, ndani ya shati.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani, na hati tumboni. Ilikwaruza kila niliposimama kuimba. Mutuma alinisalimia kwa mikono miwili. Mahubiri sikuyasikia.

Jumatatu, 17 Februari

Nilikuwa kwenye shimo la nne nikifukia Mutuma aliponikuta.

"Mwalimu! Kumbe ni wewe? Mimi nasema ni fuko, nashangaa hii ni fuko gani iko na jembe!"

Nilimwambia ajaribu kusogeza mpaka huu nikiwa hai, ataona. Akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Mpaka gani, Mwalimu? Ni za avokado. Mama Mwenda aliniambia nichimbe siku hauko, sababu ukiniona utakataa. Mashimo lazima yakae na mbolea kabla mvua ije. Miche iko kwangu nyuma ya zizi. Tangu Desemba naimwagilia. Njoo uone kama ni uongo."

Nilikwenda nikaona. Miche kumi na miwili, ya kupandikizwa, urefu wa goti. Imezungushiwa nyasi kuikinga na baridi. Mutuma anasema kwa baridi yetu itachukua miaka minne kuzaa.

Nilirudi nikakaa jikoni na hati yangu tumboni. Nilijiona mjinga, nikairudisha begini.

Jioni nimehesabu nilichowahi kupanda hapa. Viazi. Kabeji. Kitunguu msimu mmoja. Hakuna kilichozidi miezi minne ardhini. Miaka kumi na saba, na sijapanda hata mti wa kivuli. Kule Karimi aliacha miavokado tisa. Mwaka ule ndio kwanza ilikuwa imetoa maua. Hatukula hata tunda moja.

Aliogopa kuniomba. Mke wangu ameniogopa mimi, kuhusu mti. Hilo ndilo baya kuliko yote niliyowashuku.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekwenda bila kubembelezwa. Nimewasimulia mashimo, ghala, hati tumboni. Karimi alicheka, kisha akalia. Lile sanduku likatumika.

Nilimwomba radhi kwa kumshika mkono vile. Nilisema, "Nilikuumiza." Hakusema yameisha. Hakupaswa.

Kisha nikamuuliza mshauri ni nani aliyemwambia habari ya viatu. Nilitaka jina.

"Hakuna, Mzee," alisema. "Baba yangu huviweka hivyo. Vikitazama mlango. Sisi tulichomewa wiki moja baada yenu, tukatoka na nguo za kulalia."

Nimeufikiria ule moto mara elfu. Sikuwahi kufikiria kuwa kuna mtoto wa upande ule aliyekimbia peku.

Amenipa kazi: nitoe kitu kimoja kwenye begi, kimoja tu, kiwe nje hadi Alhamisi. Mara moja nikajiuliza anakitaka kipi, na kwa nini. Nimemwambia hivyo hivyo. Akasema ni vizuri kukisema.

Alhamisi, 27 Februari

Nilitoa dawa za presha. Ziko juu ya kabati, karibu na maji. Nimezimeza kila siku wiki hii. Nyuma ya mlango nilikuwa nazisahau.

Leo ilikuwa ya nne. Nilidhani Karimi atapanda gari nami. Hakupanda. Anataka tuongeze Alhamisi tatu, kisha ataangalia. Nimekubali. Nilipofika nyumbani niliangalia mpaka kwanza. Bado naangalia. Kisha nikayafukua yale manne niliyofukia, nikaongeza samadi.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imeshika tangu juzi. Karimi alikuja asubuhi kwa boda boda, mfuko wake mapajani. Mfuko mmoja. Sikumuuliza ni wa siku ngapi.

Kulikuwa na baridi kali, nikalitoa koti kwenye begi. Lina harufu ya kufungiwa na nondo wamekula mfuko mmoja. Mikono imekuwa mifupi, au wewe umerefuka, alisema Karimi, nami sijarefuka. Alikifunga kifungo cha juu kwa mkono wake.

Mutuma alileta miche kwa toroli. Tumepanda yote kumi na miwili. Ikianza kuzaa nitakuwa na miaka sabini na minane.

Begi lipo nyuma ya mlango. Limebaki na hati, tochi na blanketi. Karimi amelala. Mvua iko juu ya mabati. Viatu vyangu vimejaa matope, nimeviacha nje, barazani.

Vitakauka jua likitoka.