Kasha Halikufunguliwa Tunduma

Mama, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tunduma, Jumanne mchana. Manyunyu hayakatiki na nakula mahindi ya kuchoma. Kasha la maabara ninalolipeleka Lusaka liko mapajani, zima.

Mkaguzi wa mpakani aliona kitu kinang'aa ndani, akasema, "Dada, hii dhahabu ya machimbo ya Mkwajuni. Fungua."

Nikamweleza kwamba ni utando mwembamba kuliko unywele. Ukipozwa sana, umeme hupita humo bila kupotea, ila hupita kirahisi zaidi kwa upande wa mshale niliouchora kwenye kasha. Lusaka wana mtambo wa kuupoza. Wataugeuza kila upande wajue sababu. Ukiingia unyevu, kazi ya mwaka mzima imekufa.

"Umeme gani unaochagua njia?"

"Ndicho wanachokitafuta, kaka yangu. Sifungui."

"Basi utalala hapa."

"Nitalala." Nikaketi kwenye benchi lake, nikalikumbatia kasha.

Aliita mkuu wake. Mzee yule akachungulia kupitia kioo cha kasha, akamcheka mkaguzi. "Kinachong'aa ni kioo tu. Dhahabu gani nyeusi kama masizi? Mpishe dada yetu."

Mwambie baba mdogo, aliyetaka mzigo huu apewe mwenye digrii, kwamba mtu wa kidato cha nne amepita nao ukaguzi wa mpakani, na hakuomba msaada wa mtu. Kama bado anabisha, anisubiri stendi ya Vwawa nikirudi, aniambie usoni.

Niwekeeni kahawa. Nawapenda wote, hata yeye.

Tumaini