Kunthea Hajibu

Jumapili, 2 Februari

Kanzu kumi na nne za bosi. Mimi nanyunyizia maji, Channa, mwenzangu wa kazi, anapiga pasi huku akinisimulia riwaya anayoisoma kwenye simu. Ni ya Kikhmer, imeandikwa na mwanamke wa kwao Kambodia. Ananisimulia kwa Kiarabu chetu hiki cha jikoni. Kunthea, mke mwema, anatukanwa na mama mkwe na hajibu. Anatembea bila kishindo. Anakula wengine wakishashiba. Channa anafuta machozi, eti huyo ndiye mwanamke. Mimi natamani kumzaba kofi. Kwetu Kitui wangesema amelogwa.

Jumatatu, 3 Februari

Madam, mke wa bosi, ametangaza: Jumamosi Channa ataondoka hapa Jeddah, apelekwe Riyadh, mtaa wa Malaz, akamtunze mama yake madam mwenye magoti mabovu. Miaka miwili! Na mkataba wake unaisha mwezi huu. Binti yake ana miaka minane, anamjua mama kwa simu tu. Channa akajibu "tayyib," yaani sawa, akaendelea kukata vitunguu. Nilipomgombeza alisema mwanamke mwema hakatai. Nina hasira mpaka nimeunguza wali.

Jumatano, 5 Februari

Ajabu! Leo Kunthea amemjibu mama mkwe. Neno moja: hapana. Nilipiga kelele hadi madam akaja mbio kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, akavuta kiti. Madam mzima, chumba cha pasi! Huyo mwandishi nimemsamehe.

Alhamisi, 6 Februari

Madam alikuja mwenyewe na kahawa yake. Sasa Kunthea amefunga mzigo arudi kwa mama yake, ila amesimama mlangoni, anaogopa kuaga. Madam akapandwa na hasira.

"Kwa nini hasemi? Watu watajuaje?"

"Anaogopa ataitwa mwanamke mbaya," Channa akasema.

"Mbaya kwa lipi? Aseme!"

Channa akasimamisha pasi.

"Madam, mkataba wangu halas, umeisha. Riyadh sitaki. Nataka kwenda kwa mtoto wangu."

Niliogopa vibaya. Madam aliweka kikombe chini, akasema, amenuna, mbona hakusema Jumatatu, yeye alidhani amefurahi. Akaenda kumpigia mama yake. Ugomvi ulisikika hadi jikoni. Channa aliketi sakafuni. Kanzu zilizobaki nilizimaliza mimi.

Jumamosi, 8 Februari

Hakuna aliyepelekwa Riyadh. Channa hasimulii tena, anaimba tu. Anaimba vibaya. Sijali.

Jumanne, 18 Februari

Viza ya kutoka imepatikana, tikiti ipo.

Ijumaa, 21 Februari

Channa ameondoka asubuhi. Saa nne ukaingia ujumbe wa sauti kutoka uwanja wa ndege. Ananiomba msamaha. Anasema kitabuni Kunthea hakujibu kamwe. Alikufa kimya, kijiji kizima kikamsifu, kitabu kikaisha. Alikimaliza Jumanne ile, siku moja baada ya kuambiwa habari ya Riyadh. Yaliyofuata alikuwa anayatunga mwenyewe, kanzu baada ya kanzu.

Nimeusikiliza mara tatu. Nimecheka, nimelia kidogo, nimepiga pasi.

Madam alipita mlangoni. Akauliza kama Kunthea alifika kwa mama yake. Nikamwambia yuko njiani.