Sauti Iliyokuwa Chini ya Pikapu Yako

Baba,

Shikamoo. Mtu akiandika barua huuliza hali kwanza, lakini hali yako naijua, vifungo vya koti lako la mwisho nilivifunga mwenyewe. Basi pokea ya kwetu. Sisi wazima. Mjukuu wako Neema ameng'oka jino la mbele, na bado kila ninachomwambia anajibu kwa Kiingereza, hata nikimsimulia habari zako. Mimi nimekaa jikoni kwa dada yako, Shangazi Mwamini, huku Buffalo, karibu na Bailey Avenue. Pikapu yako iko nje, theluji nyepesi inaiangukia. Imefika, Baba. Nimeiendesha mimi, toka kwetu Shively, kule Louisville, mpaka hapa.

Nina neno la kukwambia. Nikilisema sasa hivi nitashindwa kumaliza karatasi, kwa hiyo niache nizunguke kidogo, kama ulivyokuwa unalizunguka gari mara mbili bila kuligusa kabla hujafungua boneti.

Unaukumbuka mwiko? Mwiko wa marehemu Mama, uliotoka nao kambini Nyarugusu umeuviringisha ndani ya blanketi, na wale wa uwanja wa ndege wakaugeuza huku na huku wasijue ni silaha au ni nini. Nilidhani umeubeba kwa ajili ya ugali. Kumbe! Wiki ya pili tu hapo Shively nikakukuta umelala chini ya gari la jirani, kichwa cha mwiko kimegusa giaboksi, mpini umeuuma kwa meno, macho umefumba. Nilikasirika, we acha tu. Mwiko wa mama yangu unanuka grisi! Ukanivuta nikalala kando yako juu ya katoni, ukanipa mpini.

"Donc, uma," ukasema. "Sikio linadanganywa na upepo. Mfupa haudanganywi."

Nikauma, na giaboksi nzima ikaingia ndani ya taya langu. Nilisikia meno ya chuma yakipokezana, kila moja kwa zamu yake. Toka siku hiyo ugali tukaupikia mwiko wa plastiki, na mimi nikawa mwanafunzi wako wa Jumamosi.

Ulisema klachi ni mlango kati ya injini na magurudumu: funga mlango, usikilize kelele imebaki chumba gani. Gari limesimama, gia iko huru, mguu uko mbali na klachi, unasikia mvumo. Kanyaga. Mvumo ukinyamaza, ugonjwa uko ndani ya giaboksi. Kama kelele inaanza pale unapokanyaga, ni ile beringi ndogo inayoisukuma klachi. Gari likitetemeka linapoondoka, tazama sahani ya klachi. Likigonga mara moja unapoingiza gia, shuka, ushike propela, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, kwa mikono miwili, uitikise. Mpaka leo nikiwa kwenye basi najikuta nafumba macho, namtibu dereva wa watu bila yeye kujua.

Sasa nije kwenye Jumapili ile.

Wiki nzima ulikuwa unasema pikapu inalia. Ulikuwa unawabebea wageni wapya vitanda na makochi, na kila ukirudi unasema ni chini, katikati, kama mtu anayesaga mahindi nyumba ya pili. Baada ya ibada nikachukua funguo. Nilikuwa na kitenge changu cha kanisani na viatu vya kisigino. Nikaizungusha pikapu mara nne kwenye uwanja wa kanisa, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikakanyaga, nikaachia. Kimya kabisa. Nikakwambia hakuna kitu. Ukasema kipo. Ndipo mimi, mtoto wako, mbele ya wazee wa kanisa, nikacheka nikasema, "Baba, sikio la kufa halisikii dawa."

Wote wakacheka. Na wewe ukacheka, ukatazama viatu vyako.

Mwezi haukuisha nikakupeleka kwa daktari wa masikio. Nilikutafsiria mimi. Walikuvisha vile vikopo vya masikioni, ukawa unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio, umekaa wima kama uko mbele ya hakimu. Daktari akasema umepoteza sauti nyembamba: ndege, saa, watoto wakiongea harakaharaka. Sauti nzito, za chini, akasema bado unazisikia vizuri kabisa. Maneno hayo yote niliyaelewa, Baba. Lakini zamu yangu ya ghalani ilikuwa inakaribia, nami nikakwambia kwa kifupi, "Anasema masikio yamechoka." Basi. Nusu nzuri nikaiacha kwenye kile kiti.

Walikupa vidude vya kuweka masikioni, ukavitia ndani ya kopo la majani ya chai. Tangu hapo hukulala tena chini ya gari. Mwiko ukautundika kwenye msumari. Mtu akija na gari lake linalogonga, unamwambia, muulize Furaha, mimi masikio yalishakwenda. Ulisema bila hasira, na hilo ndilo lililonidanganya, nikadhani umepumzika. Pikapu ukaniachia mimi ya kwenda nayo kazini, na ilienda tupu siku zote. Halafu ukaja mwezi wa kwanza, siku ile ulipojilaza baada ya chakula cha mchana, nasi tukashindwa kukuamsha.

Shangazi alisema matanga hayaondolewi kabla vitu vyako havijamfikia. Desturi unaijua: dada wa marehemu ndiye wa kwanza kugusa nguo, asipozigusa yeye hakuna anayevaa hata soksi. Miguu yake haimruhusu kusafiri. Watu wakashauri tutume kwa posta, naye akajibu kwenye simu kwamba kaka yake si kifurushi. Basi nikapakia. Magunia mawili ya nguo, masanduku ya spana, jeki zote, jiliwa lile zito la kubania vyuma, na ile giaboksi ya zamani uliyokataa kuitupa miaka yote. Pikapu ikakaa chini kwa nyuma kama kuku anayeatamia. Mwiko nikautungua, nikauweka nyuma ya kiti changu, sijui kwa nini.

Tuliondoka asubuhi na ukungu mwingi. Tulipovuka mto Ohio sikuuona mto, niliona vyuma vya daraja tu zikitokea na kupotea, na Neema akauliza kama tuko mawinguni. Kisha akalala. Baada ya hapo ni mashamba ya mahindi yaliyovunwa, vishina na vipande vya theluji, mwendo ule ule, rangi ile ile. Hita ilikuwa inachemsha koti lako la kazini pale kati yetu, na harufu yako ikatoka, ya sabuni na grisi. Sikuota, nakuapia, nilikuwa naangalia barabara. Lakini nilijua umekaa hapo, mkono juu ya goti, kidole kinaifuata injini polepole. Nilikuwa naogopa kugeuza shingo usije ukaondoka. Tulikwenda hivyo, sijui maili ngapi, wewe na mimi.

Ndipo ikaanza.

Mwanzoni nilidhani ni barabara. Halafu nikaihisi chini ya kiti, katikati, nzito, ikisaga taratibu. Mahindi, Baba. Nyumba ya pili.

Nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikakanyaga klachi nikaiacha pikapu iende yenyewe: ikaendelea kusaga. Nikatoa gia, nikaachia klachi: bado inasaga. Nikaacha mwendo upungue, na kusaga kukapungua pamoja na magurudumu, injini haikuwa na habari. Mlango nimeufunga, na kelele imebaki chumba cha nyuma. Ilikuwa propela. Nikaelewa pia kwa nini uwanja wa kanisa ulinyamaza: siku ile nyuma hakukuwa na kitu, nami nilipima gari tupu, nimevaa kisigino. Wewe ulikuwa unaisikia ukiwa na vitanda vya watu mgongoni. Mzigo ukikaa, nyuma inashuka, propela inakaa kwa pembe nyingine, na beringi inayoishika katikati inabanwa. Sasa ilibanwa na vitu vyako mwenyewe.

Nikaendesha polepole mpaka Columbus, mtaa wa Linden, kwa Hamisi. Ni yule mtu wa Tanga tuliyefanya naye kazi ghalani Louisville kabla hajahamia huko. Tulikuwa tumeshapanga kulala kwake. Anatengeneza magari nyuma ya nyumba. Akatutazama tunaingia, akasema, "Karibu, fundi. Umeniletea mgonjwa au umehamisha duka?" Alitaka tushushe mzigo kwanza ndipo apige jeki. Nikamwambia hapana, mzigo ukishuka mgonjwa atanyamaza. Tukaweka jeki chini ya ekseli, uzito ukabaki palepale. Nilipochomoa mwiko alinitazama sana. Akauliza kama nataka kuipikia pikapu uji.

Nikalala juu ya katoni kwenye baridi, kichwa cha mwiko kwenye nyumba ya beringi ya katikati, mpini kwenye meno. Hamisi akawa anazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu. Ikaingia kwenye taya langu, mchanga na chuma, mzunguko baada ya mzunguko. Huwezi kukosea. Mtoto asingekosea. Nililia pale chini mwiko ukiwa mdomoni, Baba, na Hamisi akadhani nimebanwa mkono.

Aliifungua, akafunga mpya kesho yake. Ile mbovu akaizungusha kidoleni karibu na sikio, akakunja uso. Akasema hii haikuanza jana, hii imelia muda mrefu, na ingekatikia njiani tungepoteza roho. "Nyumbani kwenu hakuna aliyeisikia?" akaniuliza.

Nikamwambia alikuwepo mmoja. Nikaifunga beringi kwenye leso.

Kutoka Columbus kuja huku ilikuwa kimya. Pikapu ilienda kwa adabu, ziwa likatokea upande wa kushoto, jeupe la barafu, halina mwisho. Nilikutafuta kwenye kiti. Hukuwepo. Nadhani uliondoka kelele ilipoondoka.

Matanga tumeyaondoa jana. Walijaa watu wa Uvira, wa Fizi, majirani, mchungaji, mpaka watoto wakakaa kwenye ngazi. Shangazi akagusa nguo zako moja moja. Alipofika kwenye koti la kazini akaliweka usoni, akakaa nalo. Halafu akatuambia ulivyompigia simu mwaka jana, ukamwambia, "Dada, masikio yangu yametangulia, mimi nafuata." Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa hadithi ya ndugu yake. Hakujua nani aliyekupa maneno hayo.

Kisha akauliza, kama inavyoulizwa, nani ana neno na marehemu kabla hatujafunga. Watu wakatazama chini. Mimi nikaishika leso. Shangazi akaniona. "Bon, Furaha," akasema. "Sema. Batu bote ni ba kwetu."

Nikafungua leso. Nikawaambia yote: uwanja wa kanisa, methali yangu, kicheko, na maneno ya daktari niliyoyakata katikati. Nikasema, "Baba alisikia vizuri. Mimi ndiye nilikuwa kiziwi, na nilimwachia yeye ugonjwa wangu."

Hakuna aliyenipigia kelele, wala aliyeniambia si kitu. Shangazi alinyoosha mkono, akaichukua beringi, akaizungusha karibu na sikio lake. Akatikisa kichwa polepole. Kisha akampa aliyekuwa kando yake. Ikazunguka nyumba nzima, Baba, mkono kwa mkono. Mchungaji akaisikiliza. Wazee wakaisikiliza, kila mmoja akifumba macho. Ilipomfikia Neema, akaishika kwa mikono miwili akaibana kwenye shavu. Nilisubiri Kiingereza chake.

"Inasaga, Mama," akasema.

Neno lako, lile lile. Mimi sikumfundisha.

Basi hilo ndilo neno langu. Ulikuwa sawa. Nilikunyang'anya masikio yako yakiwa mazima, ukayaaga kabla ya wakati wake. Siombi unijibu. Siku hizi naitwa hospitalini kuwatafsiria mama wa watu, na nakuahidi sitakata sentensi ya daktari tena hata zamu ikinipita, hata wakinifukuza kazi. Shangazi katika kugawa vitu vyako amenipa pikapu na mwiko, kwa hiyo Jumamosi nitalala chini ya magari. Nitamlaza Neema kando yangu.

Keshokutwa tunarudi Shively. Nitapita kwako kabla ya kufika nyumbani, na beringi ninayo. Nitasimika kichwa cha mwiko kwenye udongo wako, niizungushe beringi kwenye ncha ya mpini, taratibu, mpaka sauti yake ikushukie yote. Usihangaike na masikio, Baba. Lala tu hivyohivyo. Mfupa haudanganywi.

Binti yako,
Furaha