Ndege Niliyoichora na Jina Nililompa Bhoke

Bomani, Tarime
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Yohana,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama kwenye benchi lako la randa, usiwe kitandani, maana wifi aliniambia kifua kimekubana tangu baridi ya huko ianze. Umeanza kufunga kitambaa puani unapopasua mbao, au bado unasema vumbi la msindano halina madhara? Na mama je, mguu umepungua kuvimba? Viazi vya bondeni vimechimbwa?

Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, kazini nakwenda. Lakini juzi uliponiuliza kwenye simu kwa nini nimepoa, nikakujibu kwamba ni mtandao, nilikudanganya. Kuna jambo nimelifanya huku. Kwenye simu ningelisema nusu halafu nikaanza kulia, na wewe ungebaki unasema "haloo, haloo." Kwa hiyo nimekaa niandike.

Unajua kwamba baada ya kazi huwa nachora kwenye kompyuta yangu, lakini sikuwahi kukueleza sawasawa ninachochora. Ni ndege ya kivita ya kubuni, ya kupigana huko mbali katikati ya nyota ambako hata hewa hakuna. Nimeiita Mwewe. Ndani ya kompyuta unaweza kuigeuza upande wowote, ukaichungulia tumboni, ukaingia mpaka kwenye kiti cha rubani. Imenichukua mwaka na miezi. Wewe fundi utanielewa: sikutaka kuchora ganda tu. Mbele ya rubani kuna swichi sabini na mbili, na kila moja imechakaa pale kidole kinapogusa. Ubavuni rangi imebanduka kama ya ndege iliyopita kwenye mawe. Milango ya matairi ina bawaba, na bawaba hizo nilizichora nikikumbuka ulivyokuwa ukinifokea kwamba mlango usioachiwa nafasi utakwama masika.

Mama mwenye nyumba wangu aliiona siku moja akaniuliza, "Mwanangu, hayo mabomba ya mbele ni ya kumuua nani?" Nikamwambia hayamuui mtu, ni ya mchezo. Hakuridhika. Tangu hapo akileta wageni hupita na kuchungulia mlango wangu kwanza.

Sasa kuna kampuni moja ya nje inayotengeneza michezo ya kompyuta. Walitangaza wanatafuta wachoraji, na kila mwombaji apeleke kazi moja. Sharti lilikuwa moja zito: kazi iwe mpya, isiwe imewahi kuonekana hadharani popote. Kaka, nililisoma tangazo lile mara tatu. Nilijiona nimeacha kuchora ramani za viwanja vya watu, nachora vitu vyangu. Ndiyo maana nilifunga mdomo, hata wewe sikukwambia.

Pale ofisini tunakaa chumba kimoja na Bhoke. Yeye ni mpima ardhi, mimi nageuza vipimo vyake kuwa ramani. Ni Mkurya wa huku huku, kwao ni njia ya kwenda Sirari. Nilipofika sijui mtu, ndiye aliyenipa godoro la kulalia mwezi wa kwanza, ndiye aliyenifundisha kusonga ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, usinishinde mkononi. Anacheka kwa sauti mpaka watu wa duka la pili wanageuka.

Ilianza hivi. Bosi wetu, Bwana Sospeter, alinichukua twende Mugumu, kuna watu walikuwa wanagombania mpaka wa shamba karibu na bwawa la Manchira. Tulikaa siku mbili. Kompyuta niliiacha ofisini, inachaji. Niliporudi nikaikuta imefungwa, na mimi niliiacha wazi kidogo. Nikamuuliza Bhoke.

"Niliichomoa nikaifunga," akasema. "Umeme ulikuwa unakatika na kurudi, nikaona itaungua."

Lilikuwa jibu zuri. Lakini niliona kama lilikuja haraka mno.

Wiki moja baadaye tunakunywa chai, akaniuliza akitabasamu, "Na ile ndege yako, zile tairi za mbele umeshazirekebisha?"

Kaka, niliweka kikombe chini. Mimi sikuwahi kumwonyesha tairi za mbele. Nilimwonyesha bawa moja, zamani, basi. Nikamuuliza, "Tairi zipi?" Akanitazama kidogo, akasema, "Basi, nilidhani." Akageuza mazungumzo.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Nilibadilisha neno la siri mara tatu. Nilibandika unywele wangu kwenye kifuniko cha kompyuta, nikirudi kutoka nje nauangalia kwanza kabla sijakaa. Nilianza kwenda na kompyuta mpaka chooni. Bhoke akigeuza simu yake kifudifudi mezani, nilihesabu. Akicheka na mtu kwenye simu kwa Kikurya, nilitega sikio nikitafuta neno "ndege", nami lugha yao siijui. Nikawa nakumbuka maneno ya shangazi siku ninaondoka, kwamba watu wa huko ukigeuka tu wamechukua. Siku ile nilimcheka shangazi. Sasa nilimwona mwenye hekima.

Halafu siku moja nikaiona. Kwenye kundi la wachorji—samahani, wachoraji, mkono unakimbia—kundi la wachoraji ambalo nimo kwenye simu, mtu alirusha picha ya Mwewe. Yote. Rangi iliyobanduka ubavuni, swichi, bawaba. Chini yake jina la mwanamume fulani wa nchi nyingine, na watu wanampongeza.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Bhoke alikuwa ameinama anasoma vipimo kwa rula. Kwenye viti vya wateja kulikuwa na mzee mmoja na dada yake, wanasubiri ramani ya kiwanja cha urithi. Bwana Sospeter alikuwa mlangoni kwake na faili mkononi.

Nilisimama nikamwambia, "Uliiuza kwa nani?"

"Nini?"

"Ndege yangu. Siku nilipokuwa Manchira. Nani mwingine alikaa na kompyuta yangu? Mwizi ni wewe."

Akaiweka rula chini polepole. "Tumaini, rudia hilo neno."

"Nimesema mwizi."

Hakupiga kelele. Nilitegemea apige kelele, na alipokosa kupiga nikasema moyoni, ona, hana cha kujitetea. Alichukua mkoba wake. Yule mzee mteja akasimama akaniambia, "Binti, kama humu kuna wizi, naomba hati zangu niende nazo." Bwana Sospeter akambembeleza, akashindwa. Jioni ile akamwambia Bhoke apumzike nyumbani mpaka jambo lijulikane. Mimi nilibaki ofisini.

Nikamwandikia yule mwanamume, kwa hasira, kwamba nina ushahidi na nitamshtaki. Alijibu siku ya tatu, bila hata kuogopa. Aliniambia hakuiba kwa mtu, aliichukua mahali ilipowekwa wazi, na akanipa njia ya kufika hapo. Nikafungua.

Ulikuwa ukurasa wangu mwenyewe. Jina langu liko juu.

Sikiliza nilivyofanya. Kompyuta yangu ni ndogo, ikitakiwa kutoa picha moja iliyokamilika ya Mwewe inapata moto kama pasi na kuzima. Kwa hiyo miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimeituma ndege nzima kwenye mtambo mmoja wa mtandaoni unaokusaidia kutoa picha. Pale kuna kijisanduku kinauliza kama kazi yako ionwe na kila mtu. Kilikuwa kimeshawekwa alama ya ndiyo. Mimi sikuitoa. Nilikuwa na haraka, bando linakwisha. Mwewe ilikuwa imekaa hadharani tangu kabla sijakwenda Manchira.

Chini ya picha watu walikuwa wameandika maoni. Mmoja alisema tairi za mbele zikikunjwa zitagonga bunduki. Ni kweli, zinagonga. Mwingine alikuwa yule mwanamume, anadai kazi ni yake. Na chini yake mtu akamjibu kwa Kiingereza cha kuungaunga, mara tatu, siku tatu tofauti: kazi hii ni ya dada mmoja wa Tarime, namfahamu, nakaa naye meza moja, acha uongo. Jina ni Bhoke. Mara ya mwisho alikuwa ameandika siku mbili kabla sijamwita mwizi.

Nilikaa nikitazama yale maandishi, kaka. Nilihisi kama mtu aliyempiga mwingine gizani, kisha taa ikawashwa.

Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka kwao. Nilimkuta baba yake, Mzee Marwa, zizini ana pampu mgongoni anawanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema, bila kuacha kunyunyiza. "Wewe ndiye wa ndege?"

"Ndiyo, baba. Nimekuja kumwomba radhi Bhoke. Hakuiba. Nilikosea mimi."

Akamaliza ng'ombe wa mwisho kwanza. Kisha akaishusha pampu. "Nikiwa kijana," akasema, "hapa jirani walipotea ng'ombe sita. Nikatajwa. Walinifunga kamba, wakanitembeza mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Baada ya siku nne wakakutwa wanakula majani ng'ambo ya mto, hakuna aliyewaiba. Waliopiga kelele kwamba mimi ni mwizi walikuwa wengi. Waliorudi kusema siyo, hata mmoja. Wakaja tu kwangu kama kawaida, wakanywa maziwa, tukazungumza habari za mvua. Mpaka leo kuna wazee wakiniona karibu na mifugo yao, wanaihesabu."

Akaichukua tena pampu. Akaniambia, "Bhoke yuko jikoni. Nenda."

Alikuwa anachambua mboga. Hakuinuka, lakini alinisogezea kigoda. Nikamweleza yote, kijisanduku, ukurasa, maoni niliyoyasoma. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba ameiona huko.

"Nilidhani umeiweka makusudi," akasema. "Ndugu yangu wa Isebania ndiye aliyenitumia, anapenda vitu hivyo. Nikafurahi. Nikasema ngoja aniambie mwenyewe. Nikakuuliza ile habari ya tairi ili upate pa kuanzia. Ukanikazia macho. Baadaye nikakuona unakwenda na kompyuta chooni, nikajua mtu wa kuogopwa ni mimi."

"Nisamehe, Bhoke."

Akaendelea kuvunja vikonyo vya mboga. "Uliniita hilo jina mbele ya watu wangapi?"

"Watatu. Bosi na wale wateja wawili."

"Hapa uko mbele ya mboga," akasema. "Hao watatu hawapo hapa."

Nikaelewa. Jumatatu nilimwomba Bwana Sospeter anipe anwani ya yule mzee na dada yake. Wanaishi huku huku mjini. Nilikwenda kwa miguu, nikawaomba waje ofisini, na yule mzee alinikatalia mara mbili kabla ya kukubali kwa ajili ya dada yake, aliyesema hilo si jambo la kuachwa. Jumatano walikuja. Bhoke alikuja pia, na baba yake nyuma yake, kavaa koti. Nikasimama palepale nilipokuwa nimesimama siku ile. Nikasema kwamba nilimwita Bhoke mwizi na nilisema uongo, kwamba ndege niliitoa nje mimi kwa mkono wangu, na kwamba wakati mimi namshuku, yeye alikuwa ananipigania kwa watu asiowajua. Sauti ilinikatika katikati, nikaanza upya ili wasije wakasema hawakusikia.

Mzee Marwa akamgeukia yule mteja. "Umesikia?"

"Nimesikia, mura," akajibu, akimwita kwa Kikurya kama mwanamume mwenzake. Hati zake akazirudisha mezani kwa Bhoke.

Ile kampuni niliwaandikia ukweli kwamba Mwewe imeshaonekana. Walinijibu kwa heshima, mistari miwili, kwamba haifai. Nilitegemea ningeumia zaidi ya hivi. Tairi za mbele nimezirekebisha, hazigongi tena.

Bhoke amerudi kazini. Ananisalimia. Vipimo analeta kwa wakati, na juzi tulicheka pamoja mteja alipotaka tumchoree kiwanja kiwe kikubwa kuliko cha shemeji yake. Ukiingia utasema hakuna kilichotokea. Lakini droo ya meza yake sasa ina kufuli dogo jipya la shaba. Akitoka kwenda sokoni, au akitoka tu kupokea simu nje, anaifunga, anavuta kuhakikisha, anatia ufunguo mfukoni. Hafanyi kwa kunionyesha. Anafanya taratibu, kama mtu anayeona haya. Nami hujifanya natazama kioo cha kompyuta mpaka atoke.

Kaka, nisalimie mama, umwambie nitapiga simu Jumapili na safari hii nitazungumza. Nisalimie wifi anayekuvumilia na kikohozi chako, na baba mdogo anayelinda shamba la chai, na mpwa wangu mdogo Neema ambaye hanijui kwa sura bali kwa pipi. Shangazi mpe salamu zake peke yake. Mwambie watu wa huku hawajanichukulia kitu.

Funga kitambaa puani.

Ni mimi mdogo wako,
Tumaini