Mfungue Zena Mkono

Esha, ndugu yangu wa ziwa moja,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko dagaa. Hujambo wewe? Mama na goti lake hawajambo? Mwanao Zena je, bado anamfukuza paka wa jirani? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uingereza imeniingia mpaka kwenye meno. Barua hii anakuletea Athmani, jirani yetu wa zamani kule kisiwani Chovai, anakuja Kismayu kuoa. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mimi hucheka, na hili si la kucheka.

Kwanza habari za kazi. Niko kiwanda cha samaki, tunapasua na kutoa minofu. Unanijua mimi, nchi nne nimezikanyaga, sijaona wa kunifundisha samaki. Nikajigamba mbele ya watu wote kwamba hakuna Mzungu atakayenishinda kwa kisu. Basi akatoka bibi mmoja, Doris, nywele nyeupe, mfupi kama pipa, akasimama ng'ambo ya meza. Tukaanza. Mimi nikiwa na samaki wa kumi, yeye anaosha kisu, amemaliza sanduku zima! Na kila kitu kwa mkono wa shoto.

"Umechoka, kapteni?" akaniuliza; ndivyo wanavyoniita kwa kujigamba kwangu.

"Bibi, mkono huo kwetu hatuli nao."

"Kwetu nao walinichapa rula za vidole mpaka nikajikojolea," akasema. "Unajua maana ya neno lenyewe?"

Nikamwambia najua: wanauita "left" kwa kuwa ndio mkono ulioachwa nyuma. Akacheka. Akasema hayo ni maneno mawili, yamefanana sura tu, hayana undugu. Hili la mkono, katika Kiingereza cha mababu zao, maana yake ilikuwa dhaifu, kisichofaa kitu. Na "right" ni kilichonyooka, cha haki. "Mtoto hajafanya kosa lolote," akasema, "neno limeshamhukumu."

Nikataka kumwonyesha kwamba lugha yetu ina adabu kuliko yao. Nikasema sisi wa kulia ni wa kulia chakula, basi.

"Na ule mwingine?"

Ikabidi nikiri: Wa shoto. Na wazee wetu wakiuita mkono wa kike, kana kwamba kike ni ila.

"Kumbe nanyi ni walewale," akasema. "Unaye ndugu wa shoto, kapteni?"

Nikakiweka kisu mezani, Esha.

Maana mwezi uliopita ulinipigia simu, ukaniambia Zena anashika kijiko kwa shoto, na nyuma yako nikamsikia mama kwa lafudhi yake ya Chovai: "Mchu hali na mkono huo! Muulize kakako, akisema afungwe, tutamfunga." Nami nilikuwa nimezungukwa na wenzangu, nikapaza sauti wasikie ukubwa wangu: "Mfungeni! Esha si nilimfunga akapona?" Wakaangua kicheko. Wewe ukasema, "Haya, kaka," ukakata simu.

Hukupona. Mimi na wewe tunajua. Ulikuwa na miaka sita, ukisuka ukili wa mkeka kwa shoto, ukili wako ukapinda upande wake peke yake, haukushoneka na wa wenzio, wanawake wakakucheka. Mama akaniambia nikurekebishe. Nikaufunga mkono wako kiunoni kwa uzi wa nyavu, nikakaza kama nafunga ng'ombe. Ukatumwa maji kisimani. Ukateleza kwenye mawe, na mkono wa kujishikia umefungwa. Ukaanguka kifudifudi, jino la mbele likatoka. Nikakufungua upesi kabla mama hajafika, nikamwambia, "Alikuwa akikimbia, sikio hana." Ukapigwa wewe, damu ingali mdomoni. Ulinitazama, hukunichongea. Mpaka leo ukicheka unafunika mdomo na mtandio, na mama mpaka leo anaamini kufunga hakukudhuru.

Basi msomee mama barua hii kwa sauti, usiruke mstari. Mama yangu, nilikudanganya. Esha hakukimbia. Alianguka kwa kuwa mkono ulikuwa ungali na uzi wangu, na mimi ndiye niliyestahili kipigo kile. Nisamehe.

Mfungue Zena mkono leo hii, kabla barua haijakunjwa. Kula afundishwe kwa kulia, hiyo ni sunna, lakini kwa upole, tonge kwa tonge, amekaa pajani pako. Kazi nyingine aachiwe mkono aliopewa na Mungu. Atakayebisha, mwambie kaka mkubwa amesema. Neno langu limefunga, naliwe ndilo la kufungua.

Athmani ana mkasi wako. Doris ndiye aliyenipeleka dukani. Ukiukatia kitambaa kwa kulia utasema mbovu. Ni wa shoto, umetengenezwa hivyo. Najua mlango ukifungwa unakata nguo za wateja wako kwa mkono gani, usinifiche. Sasa kata mlango ukiwa wazi.

Nisalimie mumeo, mwambie nyavu zangu asizitoe kwa mtu. Nisalimie shangazi muuza mbaazi, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeshindwa kunifundisha. Zena mbusu vidole, vya shoto kwanza.

Esha, sikudai unisamehe. Siku nikifika, jambo moja tu nataka: ucheke mbele yangu bila mtandio.

Kakako aliyekufunga,
Shee