Chupa Uliyoanguka Nayo

Ni mwaka mmoja sasa tangu Jumatano ile, saa tatu na nusu asubuhi, ulipopanda ngazi ya tangi la maji la mtaa wetu kuchota chupa moja tu, mke wangu. Kipandio cha sita hakikuwepo. Ulikuwa umewaandikia wakubwa wako wa idara ya maji mara nne kuhusu kipandio hicho.

Mtaa mzima ulikuita Mama Chupa. Jirani yetu mshonaji akikuona na mkoba wako wa chupa hupaza sauti: "Mama Chupa, leo unatuuzia maji yetu wenyewe?" Nawe humwachii: "Nikuuzie wewe, shoga? Hata vya bure unalalamika!"

Mimi ni fundi viatu, niliishia darasa la nne, lakini ulinieleza kazi yako ya maabara mpaka ikaniingia. Unapika maganda ya limau kwenye oveni, unapata maji ya kahawia yenye chembe za kaboni, ndogo kuliko vumbi. Ukizimulika kwa taa ya zambarau, zinawaka buluu. Ukitia maji yenye sumu ya madini ya risasi, zinazimika. "Haya, baba, na wewe sasa profesa," ukanicheka.

Maji ya tangi letu yalizima zile chembe. Wakubwa wakasema huo ni mchezo wa maganda, urudie mbele yao. Ukaileta chupa ya maji hayo nyumbani isije ikapotea kazini. Nami nikaikuta mezani, nikalowekea ngozi ya viatu.

Hukunigombeza. Ulisema tu, "Basi, nitachota nyingine." Kazini ukawaambia imevunjika.

Kosa langu nalibeba, silikani. Ila nimechoka, mke wangu. Nimechoka na mabenchi ya ofisi zao, nikingoja majibu. "Mzee, njoo wiki ijayo." "Mzee, bosi yuko kikaoni." Kikao gani cha mwaka mzima? Kipandio walikichomelea siku ya tano baada ya kukuzika. Kumbe chuma walikuwa nacho.

Hututoki moyoni: mimi mumeo, binti zetu wawili, mkweo dereva, dada yako aliyekulea, na wajukuu watatu ambao mpaka leo wanakunywa maji ya tangi lile.

Ulianguka ukishuka, umeikumbatia chupa iliyojaa, haikupata hata ufa. Msimamizi wako aliitoa mikononi mwako, mbele yangu, akaondoka nayo. Taa ilikuwepo maabara. Chembe zako ulishazipika.

Ziliwaka, au zilizimika?