Maisha ya Nyanya Nabwire, na Nani Atakayeyasoma

Dandora,
Nairobi.
16 Oktoba 1983

Mpendwa binamu yangu Mulama,

Pokea salamu nyingi kama vumbi la Dandora, ambalo bado linatuingia masikioni. Hujambo? Hiyo baridi ya Uingereza haijakugandisha ulimi? Mimi mzima, tena nimeongeza kifua. Ukirudi hunishindi tena mieleka. Mama yangu Roseline anaumwa magoti, lakini mdomo wake uko fiti kabisa.

Barua yako niliipata. Eti nizunguke nitafute maandishi ya maisha ya nyanya yetu Nabwire, nikutumie, nawe uyapange uje uyasome Desemba kwenye ukumbusho wake kule Busia. Yaani mimi nilime, wewe uvune. Sawa, bwana msomi. Nilikomea darasa la saba, lakini miguu yangu ina digrii.

Nilianzia kanisani Pumwani alikobatizwa. Karani, Mama Benta, alinitazama juu hadi chini.

"Wewe ndiye Mulama wa Ulaya?"

"La, mama. Mimi ni Zedekiah."

"Kumbe alikuwa na mjukuu mwingine?"

Mwingine! Miaka minane nilimbebea nyanya magunia ya dagaa wa omena kutoka stesheni hadi soko la Gikomba, nikinuka mpaka wasichana wakanihama, naye Jumapili alikuwa akikusifu wewe!

Haya, andika: alibatizwa Pasaka ya 1936. Mahali pa umri, "yapata miaka kumi na minane". Mahali pa kazi, kistari tu. Kistari, Mulama! Mama aliyelea watoto watano kwa omena.

Kibali cha meza yake ya soko, cha 1958, Mama Roseline alikuwa amekificha ndani ya Biblia. Mahali pa sahihi pana alama ya kidole gumba, nayo imepauka kana kwamba kidole kilikuwa na magamba ya samaki.

Mwisho nikaenda Kaloleni kwa Mzee Wamalwa, katibu wa chama chetu cha kusafirisha maiti nyumbani. Unajua kanuni: kila mwanachama hutaja mtu wa kupewa habari kwanza akifariki, na huyo ndiye hutangulia kutupa udongo kaburini. Nyanya alipotutoka mwaka jana, sote tulisema ni Mulama, nani tena? Hakuna aliyefungua kitabu. Tukakupelekea simu ya maandishi, maiti ikangoja siku sita, jibu likaja kwamba una mtihani. Udongo akautupa Mjomba Walter.

Sasa mzee akafungua ukurasa wa nyanya. Jina lako lipo. Limekatwa kwa wino mwekundu, 1979, mwaka uliposafiri. Chini yake limeandikwa Zedekiah, na pembeni kile kidole gumba.

"Nilimuuliza mbona anabadilisha," mzee akaniambia. "Akasema, huyu yuko karibu."

Nilitoka nikicheka peke yangu kama mwehu. Nilipofika mtaa wa Jericho kicheko kikakauka. Yuko karibu! Binamu, ndiyo kupendwa huko, au ni kuwa karibu tu? Ungebaki hapa, jina langu lingeandikwa? Hilo halimo kitabuni, na ndilo linaninyima raha. Udongo ule ulikuwa wangu, nami nilisimama nyuma ya wajomba nimewashikia jembe.

Basi sikia. Maandishi sikutumii ng'o. Desemba nitasoma mimi, hata nikigugumia, nikianzia pale penye kistari. Wewe njoo, usikose. Nimekuwekea kazi yako: kuwatekea wageni maji kutoka mtoni, asubuhi mpaka jioni. Uonje nawe kuwa karibu.

Mama Roseline anakusalimu, na Mjomba Walter, na hata Mama Benta, ambaye sasa analijua jina langu. Mungu akulinde njiani na akurudishe na meno yako yote.

Wako akupendaye, ingawa unanichosha,
Zedekiah